Muulize Anko: Easofti kwa wanaoanza, nunua miwani kabla ya bunduki

Mwezi huu meseji zenu zimekuja na kitu kimoja tu, easofti, ule mchezo wa kuviziana porini kwa bunduki za goroli za plastiki ambao vijana wa Tabora wameuona kwenye simu na sasa hawalali. Maswali ya mapenzi na ya mbolea yatasubiri toleo lijalo, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo Anko. Mi na washkaji zangu hapa Ipuli kila siku tunaangalia video za watu wamevaa kijeshi wanapigana porini na bunduki kama za kweli kabisa, afu wakimaliza wanapeana mikono wanaenda kula. Hicho kitu ni nini hasa, kinauma? Na sisi na mapori yote haya tunaanzaje? – Dogo wa Ipuli

JIBU: Marahaba dogo. Easofti ilianzia Japani kuanzia miaka ya 70 huko, sababu kule raia kumiliki bunduki ya kweli ni shughuli pevu, sasa wapenzi wa silaha wakawa wanatengenezewa za mfano, baadaye zile za mfano zikaanza kurusha goroli za plastiki, na watu wakishakuwa na kitu kinachorusha unajua lazima watarushiana tu. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa ya kwanza inayotumia betri, mfano wa FAMAS ya Wafaransa, na baada ya hapo mchezo ukazidi kuenea nje ya Japani, Ulaya, Marekani na kwingine.

Goroli yenyewe ni ya milimita 6 na uzito wake ni gramu 0.20 au 0.25 hivi, yaani ni kitu chepesi sana. Usichanganye na bunduki ya upepo ya kupigia ndege, ile inatumia kidonge cha chuma au cha madini ya risasi cha milimita 4.5 na inaua, haichezewi na mtu.

Kuuma inauma. Ukipigwa mgongoni ukiwa na shati zito kwa mita 30 utasikia tu kama umetupiwa kijiwe, ukipigwa kwa mita 3 kwenye ngozi tupu utaruka na alama nyekundu utakaa nayo siku kadhaa, pengine na damu kidogo. Ndo maana viwanja vingi wana umbali ambao ukishamkaribia mtu huruhusiwi kumpiga, unamwambia tu amekwisha na yeye anakubali.

Na hapo kwenye kukubali ndo penye mchezo wenyewe dogo, nisikilize vizuri. Kwenye pentiboli ukipigwa rangi inabaki kwenye nguo, huwezi kubisha. Easofti haiachi alama. Goroli inakugusa inaanguka kwenye majani, refa hajaona, aliyekupiga yuko mita 40 hana uhakika, anayejua ni wewe peke yako. Sheria inasema upaze sauti "nimepigwa!", unyanyue mkono, ujifunge kitambaa chekundu kichwani utoke nje mpaka raundi iishe. Ni kama kombolela tulivyocheza utotoni, yule anayeonwa afu anakataa kwamba hajaonwa anaua mchezo wa mtaa mzima. Kwa hiyo kabla hamjachanga hata shilingi, kaeni mjiulize kwenye kundi lenu nani mbishi, yule anayegombana hata kwenye drafti, huyo mpeni kazi ya kupiga picha.

Mnaanzaje? Anzeni bila bunduki, sitanii. Nendeni mahali pa wazi mfanye mazoezi ya mchezo wenyewe, timu mbili, bendera mbili, refa mmoja, mwenye kumgusa mwenzie begani amemtoa, muone kama mnaweza kucheza saa mbili bila ugomvi. Wenzetu Uingereza mtu mgeni anakodi vifaa uwanjani kwanza, na ule utaratibu wao wa kumtambua mchezaji ili auziwe bunduki inayofanana na ya kweli unataka awe amecheza angalau mara 3 katika kipindi kisichopungua siku 56. Miezi miwili hiyo, na hao ni watu wenye viwanja vyao kabisa.

SWALI: Anko habari. Nina kijana wangu yuko kidato cha sita ananisumbua na huu mchezo, anasema ni salama sababu ni plastiki. Mi nawaza macho. Nikimnunulia miwani ya jua nzito nzito ya pale sokoni inatosha? Au ile ya mafundi wa kuchomelea? – Mama wa Cheyo

JIBU: Dada yangu umewaza sawasawa, na naomba kijana asomewe hii yote kwa sauti.

Goroli ya plastiki haimtoboi mtu, ila jicho sio mtu. Ikiingia kwenye jicho lililo wazi inaweza kuvujisha damu ndani ya jicho, kuharibu lenzi, kumpofusha moja kwa moja. Hilo ndo jambo moja kwenye huu mchezo ambalo halina marekebisho, mengine yote hata meno yanazibwa.

Miwani ya jua hapana. Kioo chake hakijapimwa kwa kupigwa, ikipasuka vipande vinaingia humo humo unamolinda, na pembeni iko wazi. Ya mafundi wa kuchomelea nayo hapana, ile imetengenezwa kwa mwanga na cheche, nyingine ndani ina kioo kabisa, na kwa giza lile kijana hataona hata mti wa kujificha.

Anachotaka ni miwani ya kuziba jicho lote, inayokaa usoni kwa mpira bila upenyo juu wala pembeni, lenzi ya polikaboneti, na iwe na alama ya kipimo. Ya Marekani itaandikwa ANSI Z87.1, ikiwa na alama ya plasi, Z87+, ndo iliyopimwa kwa kishindo kikubwa. Ya Ulaya itaandikwa EN 166 pamoja na herufi, na hapa watu wengi wanapigwa: herufi F maana yake imepimwa kwa goroli ya chuma ya gramu 0.86 ikienda mita 45 kwa sekunde, ukipiga hesabu hiyo haifiki hata jouli 1 (jouli ni kipimo cha nishati, yaani nguvu ya kishindo), wakati bunduki nyingi za easofti ziko kwenye jouli 1 au zaidi. Herufi B imepimwa kwa mita 120 kwa sekunde, ile ni zaidi ya jouli 6. Kwa hiyo dada mwambie B, F haitoshi. Na ikiwa haina alama yoyote hata muuzaji aape vipi, muachie mwenyewe.

Kuna zile za wavu wa chuma, zinapendwa sababu hazipati ukungu. Kwa mdomo sawa, kwa macho mi sizitaki, sababu goroli ya bei rahisi inaweza kupasuka kwenye wavu vipande vidogo vikapita.

Sasa ukungu. Huu ndo unaotoa watu macho kuliko bunduki yenyewe, maana mtu anakimbia, jua la Tabora la mwezi wa kumi unalijua, jasho linapanda, lenzi inaziba, haoni kitu, anainua miwani sekunde mbili afute. Sekunde mbili hizo hizo. Kwa hiyo atafute yenye lenzi mbili zenye hewa katikati au yenye dawa ya kuzuia ukungu, na wote wakubaliane kwamba miwani ikiziba mtu anapiga kelele, anatolewa mpaka kwenye eneo la usalama ambako hakuna bunduki yenye magazini, kile kisanduku cha goroli, ndo anaifuta. Anayevua uwanjani hata mara moja, siku yake imeisha, arudi nyumbani kwa miguu.

Na mdomo aufunike. Jino la mbele likivunjika gharama yake ni kubwa kuliko maski.

Kuhusu umri, Uingereza muuzaji haruhusiwi kumuuzia bunduki ya mfano mtu wa chini ya miaka 18. Kijana wako akishamaliza mtihani ndo muanze mazungumzo, sasa hivi asome.

SWALI: Anko niaje, mi fundi simu Kanyenye. Nimeona hizi bunduki mtandaoni, naweza kuagiza China ikaingia Dar nikaifuata au nikaitumiwa kwa basi. Ni toi tu, kuna noma kweli? – Fundi

JIBU: Noma ipo fundi, tena nyingi, afadhali umeuliza kabla hujalipa.

Toi ni neno lako wewe. Mtu wa forodha akifungua boksi anaona bunduki. Nchi ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na mambo ya silaha yapo mikononi mwa Jeshi la Polisi, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni polisi, sio kwa wakala wa mizigo. Nenda na picha za hicho kitu, maelezo ya jouli zake, aina ya goroli, unataka kukitumia wapi na nani, uliza kinaruhusiwa kuingia au hakiruhusiwi na kwa kibali gani, na jibu lolote ulipate kwa maandishi. Wakikataa ndo wamekataa, usitafute njia ya panya. Wakikubali, hiyo karatasi ndo iambatane na mzigo.

Afu usiende peke yako kama mtu anayetaka kununua bunduki, nendeni kama kikundi cha michezo. Pitieni kwa afisa michezo wa manispaa awaelekeze namna ya kusajili klabu, muwe na katiba hata ya kurasa tatu, mwenyekiti, katibu, orodha ya wanachama na vitambulisho. Afande akiona klabu ana mtu wa kumpigia simu, akiona fundi simu mmoja na boksi la bunduki anaona kitu kingine.

Sasa kuna ishu ya mavazi ambayo vijana hawaifikirii kabisa. Kwenye video wote wamevaa kombati. Hapa kwetu raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo ni kosa, mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wazisalimishe, na Tabora hii ni mji wa wanajeshi, hutafika hata Kiloleni. Vaeni kaki, kahawia, kijani kilichopauka, shati la mikono mirefu la mtumba na suruali nzito. Msituni mtu aliyetulia kwenye kivuli na shati la kahawia haonekani, madoadoa ni mbwembwe tu.

Na kubwa zaidi ni wananchi. Sungusungu chimbuko lake ni huku huku Unyamwezini na Usukumani miaka ya 80, kwa sababu ya ujambazi na wizi wa ng'ombe, na mpaka leo watu wa vijijini hawana mchezo na mtu mwenye bunduki asiyemjua. Mama anatoka kuokota kuni anakutana na vijana kumi wamejifunika nyuso wana SMG, unafikiri atasimama aulize ni jouli ngapi? Atakimbia, yowe litapigwa, na ikifika hapo huna muda wa kueleza. Kwa hiyo kila siku ya mchezo mtendaji na mwenyekiti wa kijiji wanajua, polisi wa karibu wanajua, njia zote za kuingilia mmeweka utepe na mtu wa kusimama na kueleza. Marekani bunduki hizi zinaingizwa zikiwa na ncha ya rangi ya machungwa kwenye mtutu, nyie wekeni hiyo ncha na mzungushie utepe wa rangi kali hata kama itakuharibia picha ya profaili.

Kusafirisha: ndani ya begi lililofungwa, magazini nje, betri nje. Marufuku kuining'iniza begani kwenye boda, marufuku kuitoa stendi au stesheni ya treni kumuonyesha mshkaji, na usipite nayo karibu na benki kwa sababu yoyote ile duniani.

SWALI: Kaka Anko tuseme kibali kimepatikana. Bunduki ya kwanza iwe ipi? Nasikia springi, gesi, umeme, wengine wanasema fps, nimechanganyikiwa. – Mwalimu wa fizikia, Isevya

JIBU: Mwalimu wewe ndo ulitakiwa ujibu hili, ila sawa.

Ya springi unaikoki kwa mkono kila risasi. Rahisi, haina betri, haiharibiki ovyo, ila mwenye ya umeme atakumaliza kabla hujakoki ya pili. Ya gesi ina mshindo mtamu na inarudi nyuma kama ya kweli, ila gesi inabadilika na joto, kukiwa na jua kali presha inapanda na goroli inatoka kwa kasi kuliko uliyopima asubuhi, na mkebe wa gesi ukiuacha kwenye gari juani ni hatari. Ya umeme ndani kuna mota inazungusha gia, gia zinavuta pistoni na springi nyuma, zikiachia pistoni inasukuma hewa na hewa inasukuma goroli, basi. Anayeanza achukue ya umeme, ya plastiki ngumu, kampuni yenye vipuri, na asianze na bastola.

Fps ni futi kwa sekunde. Goroli ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde, yaani futi 328, hiyo ni jouli 1 kamili, nusu ya uzito mara kasi mara kasi, wanafunzi wako wafanye. Japani sheria inataka isifike jouli 1. Uingereza ya kumimina goroli mfululizo mwisho 1.3, ya moja moja mwisho 2.5. Kwa kundi linaloanza mi ningesema 1 iwe kikomo, kila bunduki ipimwe asubuhi kwa kile kifaa cha kupimia kasi kinachoitwa krono, na ipimwe kwa goroli ile ile mtu anayochezea, sababu kuna wajanja wanapima na nyepesi wanaingia na nzito.

Kuna kitu watu hawakijui wanaona bunduki mbovu: hopu-apu. Ndani ya mtutu kuna kijipira kinaisugua goroli kwa juu ikiwa inatoka, inazunguka kinyumenyume, na mzunguko huo unaifanya hewa iibebe isidondoke mapema. Ukikaza sana goroli inapanda juu, ukilegeza inaanguka miguuni, unarekebisha kidogo kidogo mpaka iende bapa. Ikikaa sawa utafika mita 40 mpaka 50 na jouli 1 yako hiyo hiyo, kwa hiyo mtu anayekushauri ubadilishe springi iwe na nguvu zaidi mwambie kwanza ajifunze kukaza hopu-apu. Na usinunue goroli za gramu 0.12, nyepesi mno, upepo unazipeleka unakotaka wenyewe. Chukua 0.25.

Betri: zile za LiPo za volti 7.4 zina nguvu na ni ndogo ila zinataka chaja yake maalumu na haziachwi kwenye chaji usiku mtu amelala, zikivimba au kutoboka zinawaka moto usio wa kawaida. Za NiMH ni nzito ila zina uvumilivu, na kwa umeme wetu unaokatika na kurudi bila hodi ningeanza nazo.

SWALI: Anko mi fundi baiskeli Ng'ambo. Hizo goroli za plastiki si gharama, kwa nini wasitumie za bearing za baiskeli? Ninazo ndoo nzima. – Fundi Ng'ambo

JIBU: Hapana fundi, HAPANA. Kwanza haziingii, goroli za habu ya nyuma ni milimita 6.35 na mtutu wa easofti kwa ndani ni kama 6.05 hivi, ukilazimisha unaua mtutu. Pili chuma ni kizito na kigumu, kinaweza kuvunja ile lenzi niliyomueleza mama wa Cheyo. Ndoo yako endelea nayo kwenye habu.

Na zile za plastiki zilizookotwa chini hazirudiwi, zina mchanga na zimepata ufa, zinakwama ndani zinakata gia.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee nina shamba na kipande cha msitu huku Uyui. Vijana wa mjini wamekuja kuniomba wacheze huo mchezo wao kila Jumapili. Nina mizinga ya nyuki na ng'ombe wa majirani hupita. Niwape? Niwatoze kiasi gani? – Mzee wa Uyui

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Shamba la mtu mwenye hati na mipaka yake ndo mahali sahihi kabisa, kuliko vijana kujiingilia hifadhi ya msitu ambako bila ruhusa ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, wataonekana majangili. Ila wape kwa masharti.

Nyuki kwanza. Mzinga mmoja ukipigwa goroli au kijana akijificha chini yake hiyo Jumapili haitasahaulika, kwa hiyo mizinga yote wewe mwenyewe uwaonyeshe, wazungushie utepe mbali nayo, na msimu wa kurina wasije kabisa. Waulize kama kuna mwenye mzio wa nyuki, na gari au pikipiki moja ibaki na mtu wa kukimbiza mgonjwa hospitali ya Kitete. Wasivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi, ndo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi.

Kiangazi nyasi zikishakauka wasilete moshi wa kujifichia wala fataki wala sigara, hizo bomu za moshi wanazoziona kwenye video zitakuunguzia pori mpaka kwa jirani. Goroli wanunue zile zinazooza, ingawa nazo haziozi haraka kama muuzaji anavyosema, kwa hiyo wasichezee karibu na bwawa wala malisho. Ng'ombe wakipita mchezo unasimama mpaka wa mwisho apite, refa awe na filimbi.

Andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na nakala ya barua yao ya polisi ubaki nayo wewe, bila barua usifungue geti hata kama mmoja wao ni mjukuu wako. Bei tozeni kwa siku, sio kwa kichwa, maana ukitoza kwa kichwa watakuja ishirini watajihesabu kumi na mbili. Na kama una miembe, andika kabisa kwenye mkataba kwamba embe hazimo.